Nguvu ya kura moja

Wanaodai seneta asiye na chama hana meno wamtazame Brian Harradine, aliyeiwakilisha Tasmania katika Seneti ya Australia tangu 1975 hadi 2005. Mwaka 1996 serikali haikuwa na wingi huko, ikaihitaji kura yake ili iuze theluthi ya kampuni ya simu ya Telstra. Akaitoa, na Tasmania ikapata fedha. Mtasema huo ni ulanguzi wa kura. Sawa, lakini vyama navyo hulangua, tena faraghani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba serikali yenye wingi haimhitaji mtu kama huyo. Kweli, ila bado atakaa kwenye kamati na kuwahoji mawaziri, kazi ambayo seneta wa chama tawala huifanya kwa kunong'ona.