Usimwambie Komaa Tu

Niambie ukweli: ukisikia Seoul, unawaza nini? BTS na tamthilia za Kikorea, si ndiyo? Basi nipe dakika mbili nikupeleke Seoul ya 1988. Huko Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akatwaa dhahabu ya Olimpiki uzani wa welter. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Hiyo ndiyo sehemu tunayopenda kusimulia. Inayofuata tunairuka. Julai 1994, Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzalez. Raundi ya tisa refa akasimamisha pambano. Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Baadaye akapoteza fahamu, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26 tu.

Mji huo huo, mwaka 1982, Mkorea Kim Duk-koo alipigwa na Ray Mancini hadi raundi ya 14. Alifariki siku chache baadaye. Baada ya kifo chake, WBC ilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Yaani wenye mchezo wenyewe walikubali: ujasiri wa bondia haumlindi. Lazima mtu mwingine awe na uwezo wa kusema basi.

Sasa njoo kwetu Diff. Hatuna ulingo, lakini tuna hiyo tabia. Ukiumia, nyamaza. Ukichoka, nyamaza zaidi, wewe si mwanamume? Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, na kwa miezi kadhaa nikawadanganya watu wa nyumbani kwamba bado nasoma. Nilikuwa nakopa kwa simu, nakopa huku nalipa kule. Siku niliyosema ukweli, mjomba aliniuliza swali moja tu: "Abti, mbona hukusema mapema?" Wiki iliyofuata nilikuwa dukani kwake nikipima sukari.

Kuna walioniita mwoga. Sawa. Ila deni nimeanza kulipunguza, na usiku nalala.

Kwa hivyo, buda, ukimwona rafiki yako anayumba, iwe ni kwa madeni, miraa au kazi inayommaliza, usimpigie kelele "komaa tu!" Hao ni mashabiki. Wewe ingia kwenye kona yake, umuulize anaendeleaje. Na ukiwa ni wewe unayeyumba, usimkasirikie anayesimamisha pambano.