MAONI: Projekta isitupwe eti kwa sababu haina mchoro

ALHAMISI moja mwaka jana, mzee mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira mtaani kwetu Nakuru aliingia kibandani mwangu akiwa amekumbatia projekta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

“Kijana wangu, hii kitu imekataa,” akaniambia. “Feni inazunguka, halafu kale kataa kekundu kanamemeta, inazima. Na Jumamosi kuna mechi.”

“Taa umebadilisha, mzee?”

“Nimeweka mpya wiki jana. Elfu tisa na nusu. Waliniambia ni taa.”

Haikuwa taa. Alipokwenda duka la pili na taa yake mpya ndani ya mashine ileile iliyokataa, aliambiwa, “Hii haina mchoro. Hii ni ya kutupa, nunua ingine.” Ndipo akaletwa kwangu na mpangaji wake, kama mtu anayejaribu mganga wa mwisho.

Ninataka tuizungumzie kauli hiyo ya “haina mchoro”. Nimeisikia mara nyingi, kutoka kwa mafundi, walimu wangu chuoni, hata kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Imekuwa kisingizio cha kutupa vifaa ambavyo vingepona kwa spea za bei ya sahani chache za pilau.

Mchoro ninaozungumzia ni ule wa saketi: karatasi inayoonyesha umeme unaingia wapi, unapita wapi na kila kipande kinafanya nini. Wazee wanakumbuka redio za zamani ambazo mchoro wake ulibandikwa ndani ya kasha. Mtengenezaji alijua kwamba siku moja redio itaharibika na kuna mtu atakayeifungua. Siku hizi unanunua projekta, unapewa kitabu cha lugha kumi kinachokufunza kubonyeza swichi. Mchoro unabaki kwao.

Sehemu iliyomsumbua mzee huitwa balasti. Ni ndugu wa mbali wa ile choki ya taa za tyubu. Taa ya projekta ya aina hii haina uzi ndani kama balbu. Ina ncha mbili zilizokaribiana sana, na zebaki. Ili iwake, lazima ipigwe na umeme wa maelfu ya volti kwa muda mfupi mno. Ikishawaka, volti zinashuka hadi karibu 20, kisha zinapanda pole pole hadi kati ya 60 na 100 zebaki inapopata moto. Muda huo wote balasti ndiyo inayozuia taa isivute umeme kupita kiasi ikajiua.

Balasti hupokea chakula chake, takriban volti 380 za mkondo wa moja kwa moja, kutoka kwa pawa saplai. Hupokea amri ya “washa” kupitia kebo nyembamba kutoka bodi kuu. Transista nne huukatakata huo umeme na kuugeuzageuza kabla ya kuupeleka kwenye taa. Taa ikiwaka, balasti hujibu bodi kuu kwamba mambo ni sawa. Jibu lisipofika baada ya majaribio machache, bodi kuu inazima kila kitu na kuwasha kile kitaa chekundu.

Chakula, amri, kazi, jibu. Ukishayaelewa hayo manne una mchoro kichwani, hata kama karatasi imefichwa.

Hatua yangu ya kwanza haikuhitaji mita. Nilitumia masikio. Balasti inapojaribu kuwasha taa husikika ikitatarika kwa sekunde chache. Kama ingetatarika bila mwanga, ningeanza kuishuku taa. Ya mzee ilikuwa kimya. Kimya hicho kilimaanisha haipati chakula, au haipati amri, au imekufa.

Nikaanza na vizuizi. Projekta nyingi zina swichi ndogo kwenye mfuniko wa taa, na nyingine inayokata stima joto likizidi. Mfuniko usipokaa vizuri, taa haiwaki ng’o, na unaweza kufungua mashine nzima ukitafuta ugonjwa ambao haupo. Zote mbili zilikuwa sawa. Nikapima chakula: volti 380, zipo. Nikapima amri: waya mmoja wa ile kebo nyembamba ulibadilisha volti kila mara projekta ilipojaribu kuwasha taa. Amri inafika. Basi mgonjwa alikuwa balasti.

Nilichomoa waya ukutani, nikaondoa chaji iliyobaki, nikaipima fyuzi ya balasti. Imekatika. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaweka fyuzi mpya, wanawasha, inakatika tena palepale. Fyuzi haifi bure. Kuna kitu kimeiua.

Zile transista nne hupangwa mbili mbili, upande huu ukifanana na ule. Kwa fundi asiye na mchoro hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu upande mzima unakuambia upande mbovu ulipaswa kusomaje. Tatu zilisoma karibu sawa. Ya nne ilisoma sufuri. Nikaitoa kwenye bodi ili nihakikishe: shoti. Namba iliyochapwa mgongoni mwake ikanipeleka kwenye maelezo yake mtandaoni, bila malipo. Watengenezaji wa transista huweka maelezo yao hadharani. Anayenunua transista hizo na kuzifunga ndani ya projekta ndiye anayeficha.

Nilibadilisha transista mbili za upande huo, resista ndogo iliyoungua nazo, na fyuzi ya kipimo kilekile. Kabla ya kujaribu taa, niliunganisha balbu ya zamani ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa ukutani. Kama shoti ingalikuwepo, balbu ingewaka kwa nguvu zote na spea zangu zingesalimika. Iliangaza kidogo, ikafifia. Nikaiondoa, nikarudisha mfuniko wa taa, nikabonyeza swichi. Tik-tik-tik, kisha mwanga ukutani.

Kazi yote ilikula siku moja na nusu. Spea na ufundi vilikuja Sh2,300. Mzee alikuwa ametumia Sh9,500 kwa taa ambayo hakuihitaji, na alikuwa karibu kutupa projekta nzima.

Kuna wanaosema watengenezaji wanaficha michoro kwa ajili ya usalama wetu. Sitalichekea jambo hilo. Ndani ya projekta kuna hatari ya kweli. Taa ikiwa moto, shinikizo ndani yake hupita mara 200 ya hewa tunayopumua, na ikipasuka inatoa mvuke wa zebaki. Ukiweka mita ya kawaida kwenye ncha za taa wakati balasti inajaribu kuiwasha, unaiua mita na pengine unajiumiza. Na kapasita kubwa ya pawa saplai hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Hilo la mwisho nalijua kwa mkono wangu. Nikiwa mwanafunzi nilichomoa waya, nikaamini stima imeisha, nikashika bodi. Nilirushwa hadi kwenye rafu, mkono ukafa ganzi hadi jioni. Siku hiyo sikuwa na mchoro. Ningekuwa nao, ningeiona kapasita ile, volti zake na mahali pa kutolea chaji. Kuficha mchoro hakukunizuia kufungua mashine, kulinifanya niifungue nikiwa kipofu. Kama nia ni usalama, watupe karatasi yenye alama nyekundu mahali pa hatari. Na wewe kijana ambaye hujawahi kutoa chaji kwa resista na kuhakikisha kwa mita, usianze na projekta. Anza na redio ya betri.

Wenzetu wameanza kulishughulikia suala hili kisheria. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 inawataka watengenezaji wa vifaa vingi vya elektroniki kuwapa wenye vifaa na mafundi huru maelezo ya ukarabati, spea na zana. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha mwaka huo huo.

Sisi tuna pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Mimi si wakili, lakini sioni ni vipi mtu atanufaika kikamilifu na projekta ambayo ugonjwa wake wa kwanza ndio kifo chake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike hadi bidhaa hiyo inapogeuka taka. Tunangojea nini kuongeza kwamba awajibike pia kuizuia isigeuke taka mapema?

Lakini hata kabla ya bunge, kuna wanaoweza kuanza kesho. Shule, makanisa na ofisi za kaunti hununua projekta kwa wingi, na wanaponunua ndipo wana nguvu. Waandike kwenye zabuni: bila mwongozo wa ukarabati, hatununui. Mwuzaji anayetaka pesa ataupata. Vyuo vyetu vya kiufundi navyo viache kutupa mtihani ambao kila swali lina mchoro safi uliochapwa. Nilipita mitihani hiyo vizuri, kisha nikafika kibandani na katika wiki nzima ya kwanza sikuona kifaa hata kimoja kilicholetwa na mchoro wake. Mwanafunzi apewe bodi mbovu, mita na siku tatu, achore mwenyewe anachokiona. Hiyo ndiyo kazi inayomngoja huku nje.

Na sasa sisi wenyewe. Baada ya kazi ya mzee nilichukua daftari nikachora balasti ile yote: nyaya za kuingia, waya wa amri, waya wa jibu, zile transista na namba zake, volti nilizopima. Wiki mbili baadaye jirani yangu, fundi pia, akaletewa projekta ya aina ileile. Akaniuliza, “Uliwahi kufungua hii?”

Nitasema ukweli: nilisita. Niliwaza kwamba yale ni mali yangu, jasho langu, na akijua yeye wateja watagawanyika. Nilikaa na wazo hilo dakika nzima, kisha nikatambua kwamba ni wazo lilelile la mwenye kiwanda, tofauti ni kwamba yeye ana kiwanda na mimi nina kibanda cha mabati. Nikampa daftari akapiga picha kwa simu.

Wateja hawakugawanyika. Mwezi uliofuata alinitumia picha ya mchoro aliouchora yeye, wa mashine ambayo ilikuwa imenishinda na nilikuwa nimeiweka juu ya rafu nikingoja kumwambia mwenyewe aitupe. Niliitengeneza jioni ileile.

Kwa hivyo vijana wenzangu, mkifungua kifaa, choreni. Karatasi ya daftari inatosha. Andikeni namba, andikeni volti za kifaa kizima ili siku kikifa mjue kilisomaje kikiwa hai. Kisha mwonyesheni jirani. Tukiendelea kuidai michoro kwa wenye viwanda huku tukifichana yetu, hawatakosa jibu la kutupa.

Mzee naye alifungua ukumbi wake Jumamosi ile saa kumi kamili. Timu yake ilifungwa, lakini hilo sikuweza kulirekebisha.