FUNGUO ZA MFUKO WETU WA PENSHENI

Kila mwezi mshahara wa mtumishi wa Serikali hukatwa 5 kwa mia, na mwajiri huongeza 15, zote zikaenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanza kazi mwezi wa Agosti 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa. Fedha hizo hazilali sandukuni. Hununuliwa hati za dhamana za Serikali, hisa, majumba, hata kiwanda cha ngozi kule Moshi. Wengi wa ndugu zetu hapa Nakwa hudhani ya kuwa hayo ni mambo ya mabwana wa Dodoma na Dar es Salaam. Sisi hatukubali, maana mwalimu anayengoja kustaafu ndiye mwenye mali.

Mama zetu wa VICOBA wana kasha lenye kufuli tatu. Kila ufunguo hukaa kwa mtu wake, na anayelitunza kasha hana hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano, na fedha huhesabiwa wote wakisikia. Hapana aliyewaita wezi wenye kushika funguo. Desturi hiyo yawalinda wao vilevile wasisingiziwe. Huo ndio udhibiti wa ndani, ingawa wenyewe hawauiti hivyo.

Katika mfuko mkubwa neno ni lile lile. Anayependekeza ardhi inunuliwe asiwe ndiye anayeikadiria bei, wala anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa. Na mkaguzi wa ndani azitazame funguo hizo kabla fedha hazijatoka. Na tuutazame mradi wa Dege kule Kigamboni, wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na mbia wake. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2016, Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, alihoji bei ya ardhi ambayo mbia alihesabiwa kuwa ni mtaji wake. Mwaka huo huo ujenzi ukasimama, na majumba yakabaki bila mkaaji. Swali lake lilikuwa la haki, lakini lilifika fedha zikiwa zimekwisha kugeuka zege. Mkaguzi wa nje huja baada ya mavuno; wa ndani yumo shambani tangu kupanda, naye ndiye aliyepaswa kuliuliza kwanza.

Wapo wasemao kwamba Mkaguzi Mkuu atosha. Hatuoni hivyo. Yeye analindwa na Ibara za 143 na 144 za Katiba. Mkaguzi wa ndani hana ngome kama hiyo. Meza yake imo katika jengo la wale anaowakagua, na akiudhi, uhamisho ni barua ya ukurasa mmoja. (Barua hiyo sisi watumishi twaijua vema.) Kwa hiyo twataka kuajiriwa kwake, kupimwa kazi yake na kuondolewa kwake kuwe mikononi mwa kamati ya ukaguzi ya Bodi ya Wadhamini, wala si kwa mkurugenzi. Tena hoja zake zisizojibiwa zitangazwe kwa wanachama, kwa Kiswahili.

Kutangaza kuna maana kubwa, kwa sababu hoja isiyosikiwa na wenye mali huweza kungoja sana. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, na pensheni ya miaka yao ile ikawa deni la Serikali kwa mfuko wa PSPF. Wakaguzi walilitaja deni hilo miaka mingi. Hati fungani maalumu za shilingi trilioni 2.17 zilitolewa Desemba 2021, na wengi wa waliohusika walikuwa wamekwisha kustaafu.

Kwa upande wetu, kila mwanachama aitazame taarifa yake ya michango mwezi kwa mwezi, kwa simu au katika ofisi ya Mfuko. Atakayeona mwezi uliorukwa auandike pamoja na hati yake ya mshahara, amletee Katibu kabla ya mkutano ujao.