Kitabu yangu, kitabu changu

Mwanafunzi wa Kisangani anapoandika «kitabu yangu» au «vitu mingi», ameandika hasa anavyosikia nyumbani na sokoni, na mwalimu anayemwita mvivu anamdhulumu. Sarufi ya shuleni inataka «kitabu changu» na «vitu vingi», basi aonyeshwe namna zote mbili ubaoni, kando kwa kando. Makosa mengine chanzo chake ni Kifaransa, lugha ya masomo yake mengi. Kifaransa huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, naye anaandika «Unatoka wapi ?», huandika siku za juma kwa herufi ndogo, naye anaandika «jumatatu». Herufi h, ambayo Kifaransa hakiitamki, inapotea kabisa: «apana», «ii». Linaloumiza zaidi ni kukata kitenzi vipande, «na soma» badala ya «nasoma», kwa kuwa Kifaransa hutenga kiwakilishi na kitenzi, na hapo msomaji anaona «na» ya kuunganisha. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Mtoto huyu anastahili kufundishwa kukiandika kwa saa zile zile anazopewa Kifaransa.