Tonge la Ugali si Dawa ya Mwiba



Kila tarehe 3 Februari, katika kumbukumbu ya Mtakatifu Blasi, waamini wengi hujipanga mbele ya padre wabarikiwe makoo yao kwa mishumaa miwili iliyofungwa mfano wa msalaba. Blasi alikuwa Askofu wa Sebaste katika Armenia ya kale, mji ambao leo unaitwa Sivas na uko nchini Uturuki, naye aliifia dini yapata mwaka 316. Mapokeo yanasimulia kwamba kabla ya uaskofu alikuwa tabibu, na kwamba mama mmoja alimletea mwanawe wa pekee aliyekuwa akifa kwa mwiba wa samaki uliomkwama kooni, naye akapona. Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tunaipenda habari hiyo, hasa kwa neno moja lililomo: alimleta. Hatusikii kwamba mama yule alimshindilia mtoto tonge kwanza.

Katika nyumba nyingi za parokia zetu mambo ni mengine. Mwiba ukimkwama mtu, kila jirani ana dawa yake: tonge kubwa la ugali limezwe bila kutafunwa, au ndizi nzima, au maji ya limau ili mwiba ulainike. Wazee wetu walifanya hivyo na wengi walipona, hatukatai. Walipona kwa sababu mara nyingi mwiba huwa umekwisha kupita wenyewe ukaacha mkwaruzo, na mkwaruzo huuma kana kwamba mwiba bado upo. Lakini ule ulionasa kweli hukaa mara nyingi kwenye mafindofindo au penye shina la ulimi, mahali ambapo tabibu anaweza kuuona kwa tochi na kuung'oa kwa kibano. Ukiusukuma kwa tonge, unauzamisha katika njia ya chakula, nao huko unaweza kutoboa, usaha ukaingia kifuani. Limau nalo hupita kooni kwa nukta chache tu. Haliwezi kuyeyusha mfupa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ikibidi mgonjwa atiwe dawa ya usingizi ili mwiba utolewe, tumbo lake linatakiwa liwe tupu, asije akatapika na matapishi yakaingia mapafuni. Aliyeshindiliwa ugali itabidi angoje saa kadhaa, na mwiba wake shingoni.

Tusieleweke vibaya. Yupo mtu asiyeweza kungoja gari, naye ni yule aliyepaliwa hata hewa haipiti: hakohoi, halii, hasemi, midomo inageuka rangi. Huyo asaidiwe palepale alipo. Mwinamishe, umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisha msimamie kwa nyuma, umkumbatie, uweke ngumi juu kidogo ya kitovu, na uibane ndani na juu kwa nguvu mara 5. Urudie hivyo mpaka kitu kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo. Alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua mara 5. Akilegea na kuzimia, mlaze chini, uanze kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwenzako akitafuta gari. Lakini anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, na usiingize kidole kukitafuta kitu usichokiona.

Kinachotusumbua zaidi ni kile kilichopita kimya kimya. Mtoto anakimbia huku anakula karanga, anapaliwa, anakohoa dakika chache mpaka machozi yanamtoka, halafu anatulia. Nyumba nzima inashukuru. Kumbe karanga haikutoka, imeshuka. Bomba la hewa hugawanyika matawi mawili, na lile la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto. Kwa hiyo vitu vingi huteleza upande huo. Mafuta ya karanga huwasha pafu. Baada ya majuma huja kikohozi kisichokoma, homa, na kifua kinacholia upande mmoja, nayo picha ya eksirei haionyeshi karanga kama inavyoonyesha sarafu. Hapo mtu huandikiwa dawa za nimonia, za pumu, hata za kifua kikuu.

Tulimpokea mtoto mmoja wa miaka miwili aliyekuwa amekohoa miezi mitatu. Mama alikuja na mfuko uliojaa chupa tupu za dawa za maduka mbalimbali. Siku ya nne wodini, msichana wa kazi aliyekuwa ameleta uji alimnong'oneza mmoja wetu jikoni kwamba yeye aliiona siku ile ya karanga. Hakusema kwa kuogopa kufukuzwa. Mtoto alipelekwa hospitali ya rufaa, wakaingiza mrija wenye taa kwa njia ya kinywa, na kipande cha karanga kikatoka. Njia ile si ngeni: mwaka 1897, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alitoa hivyo kipande cha mfupa wa nguruwe katika pafu la mkulima mmoja. Hapo zahanati haikukosa chombo wala dawa. Lilikosekana neno moja tu, na aliyekuwa nalo hakuthubutu kulisema.

Basi maoni yetu ni haya, na tunajua baadhi ya wazazi hawatayapenda: fimbo na matusi vimewazuia watoto wengi kufika kwetu mapema. Mtoto aliyepigwa jana kwa kuchezea sarafu ya baba hawezi leo kukiri kwamba ameimeza. Msichana wa kazi aliyeambiwa atakatwa mshahara naye atanyamaza. Hata baba na mama hufika mapokezi wakigombana ni nani aliyemwacha mtoto peke yake, wakati sisi tunataka kujua mambo mawili tu: amemeza nini, na saa ngapi. Watoto wa Ulaya na Marekani humeza kama wa kwetu. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1958, aliwatolea wagonjwa vitu zaidi ya 2,000 katika koo na mapafu, navyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo. Humo mna pini, vifungo, sarafu na mifupa, vitu vilevile vilivyomo katika droo ya mama yeyote.

Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe kwa choo. Msimpe mtoto dawa ya kuharisha wala kumtapisha. Hata hivyo aletwe, kwa maana machoni pa mzazi, na hata katika picha, sarafu hufanana na kile kibetri bapa cha mviringo cha saa, cha rimoti na cha vitu vya kuchezea. Hicho tunakiogopa kuliko vyote. Kikikwama katika njia ya chakula, umeme wake hutengeneza pale penye unyevu kemikali kali kama magadi ya kutengenezea sabuni, na saa 2 tu zinatosha kuunguza vibaya. Tangu mwaka 2018 wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12, apewe asali vijiko 2 vidogo kila dakika 10, isizidi mara 6, akiwa njiani. Njiani, tunarudia. Msichelewe kuondoka kwa kutafuta asali, na mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Kwa puani na masikioni tuseme kwa ufupi. Harage puani hunywa unyevu na kuvimba, na ukilichokoa kwa pini ya nywele linakwenda ndani zaidi. Kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu isiitwe mafua. Ipo njia ambayo mama anaweza kuijaribu, iliyoelezwa mwaka 1965 na daktari Vladimir Ctibor wa Marekani: mama huziba kinywa cha mtoto kwa kinywa chake kama anambusu, hubonyeza tundu la pua lililo zima, kisha hupuliza mara moja kwa ghafla. Mara nyingi harage huruka nje. Kama ni kibetri, msijaribu lolote, njooni. Mdudu aliye hai sikioni auawe kwa matone ya mafuta ya kula, ila kama sikio hilo hutoa usaha msitie kitu. Na punje ya mahindi isitiwe maji.

Mapokeo yanasema pia kwamba wanyama wa porini walimjia Blasi pangoni wapate kuponywa. Wanyama wetu nao hunaswa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, asipewe mbwa. Paka mwenye uzi unaoning'inia mdomoni msiuvute, kwa kuwa huenda sindano iko mwisho wake.

Lakini mbwa anayetoa udenda, taya limelegea, hawezi kumeza wala kubweka vizuri, huyo ndiye anayetunyima usingizi. Mwenye mbwa husema, "Amekwamwa na mfupa," akatia mkono kinywani kuutafuta. Kichaa cha mbwa huja kwa sura hiyohiyo, hasa kile cha kimya ambacho mbwa hamkimbizi mtu. Kwa binadamu, dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa wa namna hiyo afungiwe, watoto wakae mbali, aitwe afisa mifugo. Na aliyekwisha kumtia mkono aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aje siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo hata kama mkwaruzo ni mdogo, atuambie wazi kwamba alikuwa anatafuta mfupa.