Somo Lililo Mkiani mwa Gari

Kila nipatapo fursa ya kuzungumza na wanafunzi kuhusu mwendo wa vyombo, huwauliza swali moja: ni sehemu gani ya gari inayopata taabu zaidi na upepo? Karibu wote hujibu kwa sauti moja kwamba ni pua. Jibu hilo si la kushangaza, maana ndivyo macho yanavyoona. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa si sahihi, na naamini kwamba ni mtindo wetu wa kufundisha unaolilea.

Hewa inayokutana na pua ya gari hupita bila shida kubwa, mradi pua hiyo imeviringwa kidogo. Shida huanza nyuma. Hewa iliyokwisha kupanda paa hutakiwa kuteremka na kuungana tena na ile iliyopita ubavuni. Ikiwa bodi imekatika ghafla, au inateremka kwa ukali mno, hewa hushindwa kuifuata. Hubanduka, ikaacha nyuma ya gari pango la hewa hafifu inayozungukazunguka, na pango hilo hulivuta gari kinyumenyume. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi katika barabara ya vumbi amekwisha kuliona. Mbona kioo cha nyuma hujaa vumbi, ilhali basi linakimbia kuliacha vumbi hilo? Ni kwamba limenaswa pangoni na linakokotwa pamoja na basi.

Tena ukinzani huu hauna huruma. Mwendo ukizidishwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne, na nguvu za injini za kuushinda huwa mara nane. Kwa gari la mashindano, basi, umbo la mkia si pambo.

Wahandisi wa awali, akiwamo Paul Jaray aliyetokea katika uundaji wa vyombo vya angani vya Zeppelin, walishauri umbo la tone la maji, lenye mkia mrefu uliochongoka. Jawabu hilo lilipendeza karatasini, lakini barabarani mkia wa namna hiyo huwa mrefu kupita kiasi. Katika miaka ya 1930, huko Stuttgart, Ujerumani, Profesa Wunibald Kamm, na kando yake Reinhard von Koenig-Fachsenfeld, walishikilia wazo lililoonekana kama kichekesho: punguza mkia taratibu mpaka ukubwa wake ufikie karibu nusu, kisha ukate wima kama uliokatwa kwa panga. Hasara itakuwa ndogo. Ferrari 250 GTO ya 1962 na Shelby Daytona ya 1964 zilibeba mikia iliyokatwa hivyo.

Kisa ninachopenda zaidi, hata hivyo, ni cha Porsche 917. Gari hilo lenye injini ya silinda 12 lilitolewa mwaka wa 1969 likiwa na mkia mrefu, uliobuniwa makusudi kupunguza ukinzani. Lilipita kilomita 300 kwa saa. Lakini madereva waliliogopa, kwa kuwa katika mwendo huo liliyumba huku na huku kama jahazi lisilo na usukani. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka huohuo, Mwingereza John Woolfe alifariki akiendesha 917 katika mzunguko wa kwanza kabisa. Siwezi kuutwika mkia lawama yote ya kifo hicho. Hapana shaka, hata hivyo, kwamba gari lenyewe lilikuwa halijatulia.

Mnamo Oktoba 1969 lilipelekwa kufanyiwa majaribio Zeltweg, nchini Austria. Mhandisi John Horsman alilitazama liliporudi, akaona kwamba bodi ilikuwa imetapakaa visubi waliokufa. Vibao vya nyuma, vilivyowekwa ili vipigwe na upepo na kuligandamiza gari chini, vilikuwa safi! Pasipo visubi hapakuwa na upepo. Hewa ilikuwa imekwisha kubanduka kabla ya kufika hapo, na vibao vile vilikuwa vikisafirishwa bure. Mafundi walichukua mabati ya alumini, wakaunda papo hapo mkia mfupi ulioinuka hadi upepo uliko. Ukinzani uliongezeka, naam, lakini gari lilitulia na madereva wakathubutu kulikimbiza konani. Mwaka wa 1970 Hans Herrmann na Richard Attwood walilitumia lenye mkia mfupi kuipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa Le Mans. Kwa haki niseme kwamba la mkia mrefu, likiwa limesanifiwa upya, lilikuwa la pili.

Wapo watakaosema kwamba Horsman alibahatisha. Sikubaliani nao kabisa. Visubi walikuwapo machoni pa kila aliyesimama pale, naye ndiye aliyejiuliza kwa nini hawakuwa mahali fulani. Uwezo huo ndio tunaoupuuza darasani. Mwanafunzi hukariri kwamba umbo la samaki hupunguza ukinzani, hupata alama yake moja, na mwalimu hugeuza ukurasa. Ukimuuliza mwalimu, atakwambia kwamba shule haina vifaa. Ni kweli kwamba handaki la kupimia upepo ni ghali mno, lakini ni nani aliyelidai?

Mwalimu na awashe mshumaa nyuma ya chupa ya mviringo, kisha mwanafunzi apulize kutoka upande wa pili. Hewa itaushika mviringo wa chupa, ikutane nyuma, na mshumaa utazimika. Halafu aiondoe chupa na kusimamisha daftari mahali pake. Safari hii mwali utainama kuelekea daftari, yaani kumwelekea yuleyule anayepuliza. Asiwaeleze sababu upesi. Awape karatasi na gundi, wabandike mkia nyuma ya daftari, waurefushe, waukate hapa na pale, na kila mara waandike mwali ulielekea wapi.