Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: bembea mliyoipaka rangi

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Bembea iliyokatika katika bustani ya watoto ya halmashauri

Barua yangu ya kwanza kwako ilihusu bembea ya mwisho, ile iliyo upande wa mwembe. Niliifikisha kwa mkono, ikagongwa muhuri wa masjala, na nakala yake ninayo. Nilieleza kwamba pingili ya juu ya mnyororo wa kulia, pale inaposuguana na kitanzi cha bomba, imelika hadi imebaki unene wa njiti ya kiberiti. Niliomba jambo moja tu, bembea ifungwe mpaka fundi aje. Sikujibiwa. Nilipofuatilia kwa simu niliambiwa suala linafanyiwa kazi.

Likaja juma la maandalizi ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Nyasi zikafyekwa, mawe ya njiani yakapigwa chokaa, na bembea zote zikapakwa rangi, mabomba ya njano na minyororo ya bluu. Niliporudi pale na wanangu nikakuta mnyororo unang'aa. Mzazi aliyeandika barua, akaambiwa inafanyiwa kazi, kisha akakuta kitu kimekuwa kipya, anaamini kazi imefanyika. Nami niliamini. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka alipo mwanangu wakati mnyororo unakatika. Aliangukia zege la msingi wa nguzo, ambalo lilikuwa limejitokeza juu kwa sababu mchanga uliochimbwa na miguu ya watoto haukuwahi kurudishiwa. Mkono wake wa kulia ukavunjika.

Ile pingili niliiokota, iko mbele yangu ninapoandika. Kwa nje ina rangi ya bluu safi. Kwa ndani, pale palipokatika, pana kutu ya kahawia ya siku nyingi, na kando yake mstari mwembamba unaometa, ambao ndio chuma pekee kilichokuwa kimebaki kumbeba mtoto. Aliyeipaka rangi lazima aliishika. Brashi ilipita pale palipolika, ambapo kidole cha mtu yeyote kingepahisi. Sina ugomvi na kibarua huyo; aliagizwa kupaka, akapaka. Ninayemtaka ni yule aliyeidhinisha fedha za rangi huku barua yangu ikiwa kwenye faili.

Siku ya Mtoto wa Afrika, kila tarehe 16 Juni, huwekwa kuwakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Kwenye bustani yetu iliadhimishwa kwa hema, muziki, na hotuba ya mgeni rasmi, mita chache kutoka kwenye mnyororo uliokuwa umefichwa kwa rangi. Wageni walipiga picha mbele ya zile bembea. Nimeziona picha hizo, watoto wakicheka, na ile ya upande wa mwembe ikiwa na mtoto wa mtu juu yake.

Turudi kwenye mkono, maana ndio unaonifanya niandike. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Daktari alinieleza kwamba mvunjiko wa namna hii huonekana sana kwa watoto wa umri wa mwanangu, wanapoanguka wakijikinga kwa mkono ulionyooshwa. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma vyembamba vya kushikilia mfupa, kisha vikatolewa. Plasta nayo imeondoka. Mkono haunyooki mpaka mwisho. Mwanangu yuko darasa la kwanza, mwaka wa KKK, mwaka ambao mtoto anajengewa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkono alioanza nao kuandika ndio huo. Wenzake wanaandika maneno. Yeye anashika penseli kwa mkono wa kushoto, na herufi zake nyingi zinageuka. Mwalimu wake ni mtu mwema, anamvumilia, lakini darasa lina watoto wengi na haliwezi kumsubiri mmoja. Jioni anaketi na daftari, anajaribu mkono wa kulia, unamuuma, anahamisha kushoto, anafuta, karatasi inachanika. Hapo ndipo anapolia, na halii kwa sababu ya maumivu.

Fedha za matibabu nilizipata kwa kuuza cherehani yangu na kukopa kwenye kikoba. Nimelitaja, silirudii.

Baada ya ajali mliishusha ile bembea moja, na getini mkatundika bango: watumiaji wanatumia vifaa kwa hiari yao na halmashauri haitahusika na ajali yoyote. Chini ya bango hilo mlinzi anaendelea kukata tiketi, shilingi 1,000 kwa kila mtoto. Nakuuliza waziwazi, Ndugu Mkurugenzi, mtoto wa miaka saba anatoa hiari gani kuhusu pingili iliyo juu ya kichwa cha mtu mzima? Mnapochukua kiingilio mnauza ahadi kwamba humo ndani ni salama kuliko barabarani. Ndiyo sababu nilikuwa nalipa. Bango halifuti ahadi hiyo, na haliunyooshi mkono wa mwanangu.

Nilipokuja kulalamika nilielekezwa kwa mzabuni anayekusanya kiingilio. Mzabuni akasema mkataba wake ni wa mapato, vifaa ni vya idara. Idara ya kwanza ikanipeleka ya pili. Kila niliyemkuta alikuwa na heshima, alinikaribisha kiti, na alikuwa na hakika kabisa kwamba bembea si yake.

Ni yenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 8, inaniambia mimi mzazi kwamba wajibu wangu kwa mwanangu ni chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humohumo kwenye orodha umo mchezo na mapumziko. Mchezo umewekwa pamoja na chakula. Mimi nimepanga chumba na sebule, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, uani ni pa kufulia na kupikia, na mlangoni ndipo bodaboda zinapopita. Wajibu wangu wa kifungu cha 8 siwezi kuutimiza pasipo ninyi kutimiza wenu wa kifungu cha 94. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inasema mtoto ana haki ya kucheza. Haya yote mwanasheria wenu anayajua kuliko mimi.

Wala kazi yenyewe si ngumu. Chuma kikisuguana na chuma kinalika, na huku kwetu pwani hewa ya chumvi inaongeza kutu. Kila fundi wa kuchomelea anayejipatia riziki chini ya mti anajua hivyo. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, vinataka vifaa vitazamwe kwa macho mara kwa mara, vikaguliwe kwa undani kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ufanyike ukaguzi mkuu mara moja kwa mwaka. Vinataka pia chini ya kifaa pawe na kitu laini cha kupokea mtoto, mchanga ukiwa mmojawapo, na wenye kina cha kutosha hata baada ya miguu kuutawanya. Huhitaji kuagiza chochote Ulaya. Unahitaji mtu mmoja mwenye ngazi, spana na daftari, pamoja na lori la mchanga. Gharama yake nina hakika haifikii ile ya hema na muziki wa siku moja. Mchanga ungekuwepo, mwanangu angeanguka, angelia, ningempangusa, tungerudi nyumbani na mkono wake mzima.

Ninaandika kuhusu bustani moja, lakini siwezi kunyamaza kuhusu nyingine. Hapa Dar es Salaam, Mnazi Mmoja paliachwa wazi wakati wa Waingereza ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Baada ya Uhuru pakawa pa watu wote, na bado pako wazi, watu wanapumzika pale. Jirani yake, Kidongo Chekundu, viwanja vya michezo vya vijana vilifunguliwa mwaka 2015. Kwa hiyo inawezekana. Lakini tembea mitaani kwetu na ramani ya mipango miji mkononi. Palipoandikwa eneo la wazi utakuta fremu za maduka, gereji, ukumbi wa harusi, baa, maegesho ya malori. Kila kipande kilimegwa na mtu mwenye karatasi, na kila karatasi ina muhuri wa ofisi fulani. Watoto walipokosa pa kucheza rede na kombolela wakahamia barabarani, nasi tukaanza kuwalaumu wazazi. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe kwenye michezo ya kulipia ndani ya maduka makubwa. Mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu hana hata pa kuanzia. Bustani yetu getini ina ngazi. Jiji linaongezeka watu kila mwaka, watoto wakiwemo, na linapopangwa watoto hawahesabiwi, wanakumbukwa Juni tu.

Ninachodai ni hiki. Ateuliwe mtumishi mmoja wa kuwajibika kwa vifaa vya bustani, na jina lake na namba yake ya simu viandikwe getini mahali lilipo lile bango, ambalo liondolewe. Ukaguzi wa kila mwezi uandikwe kwenye daftari linalokaa kwa mlinzi, mzazi yeyote alione. Mchanga uletwe. Sehemu ya kiingilio itengwe kwa ukarabati, na mapato na matumizi yake yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kama yanavyosomwa mengine. Halmashauri igharimie mazoezi ya viungo ya mwanangu mpaka daktari aseme yatosha, kwa kuwa mkono wake ulivunjika baada ya ninyi kujulishwa. Nijibiwe kwa maandishi ni nani aliyeisoma barua yangu ya kwanza baada ya masjala kuipokea, na aliamua nini.

Hayo yanaweza kuhitaji vikao. Moja halihitaji kikao. Bembea tatu zilizobaki bado zinatumika. Zilisimikwa pamoja na ile ya nne, minyororo yake ni ya umri uleule, na zimepakwa rangi ileile. Juzi nimepita pale, watoto walikuwa wamepanga foleni. Tuma fundi leo azipandie na kuzikagua, na kabla hajafika, mlinzi azifunge.

Mama wa mwanafunzi wa darasa la kwanza,
Dar es Salaam

Nakala: Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa